Kuvua tilapia kwa ndoano katika vighuba vya Bukavu: mwongozo kamili

Mtu akisimama Muhumba au Nguba, mitaa ya Bukavu mashariki mwa Kongo, na kulitazama Ziwa Kivu, macho yake hukimbilia katikati, kule maji yalikokolea bluu. Anayeanza kushika ndoano hufikiri kama macho yake: samaki wakubwa wako mbali, wako kwenye kina. Anakodi mtumbwi, anapiga kasia nusu saa, anashusha uzi mita 40, na jioni anarudi na chambo chake kama alivyokwenda nacho. Anapofunga mtumbwi anawakuta watoto waliobaki ukingoni na vijiti vyao, samaki saba wametungwa kwenye ujiti. Nimeliona hilo mara nyingi, ndiyo maana siku hizi mtu akiniomba nimfundishe kuloba, yaani kuvua, kama wengi tunavyosema hapa kwetu, sianzi na ndoano. Namwambia kwanza: rudi ukingoni.

Sababu iko ndani ya ziwa lenyewe. Kina cha Kivu kinafika karibu mita 480, lakini samaki hawaishi humo mote. Maji ya chini yamejaa kaboni dioksidi na methani, ni mazito, hayapandi kuchanganyika na ya juu, na hayana oksijeni. Hewa ya samaki inaishia kwenye mita 60 au 70 wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua inaishia juu zaidi. Kwenye ghuba ya Kabuno, upande wa Sake kule Goma, inaishia mita 11 hivi. Chemsha maziwa uyaache yapoe: ule utando wa juu ndio ziwa la samaki, na sufuria yote iliyobaki ni maji yasiyo na samaki hata mmoja. Ndani ya utando huo tilapia anachukua kipande kidogo tu. Anakula mwani, mabaki ya majani na wadudu, na ili azae anataka mchanga au tope mahali jua linapofika chini. Ukingo wa Kivu, sehemu nyingi, ni mwamba unaoanguka ghafla. Penye chini tambarare ni pachache, na karibu pote pako ndani ya vighuba.

Unayemtafuta ni nani

Sokoni Kadutu mama muuzaji anaweza kukuwekea kwenye beseni samaki wa aina tatu, na wote akawaita tilapia. Kwa mlaji haina neno. Kwa mvuvi wa ndoano ina maana kubwa, kwa sababu hawali kitu kimoja.

Wa kwanza ni tilapia wa Nile, yule mwenye mistari myembamba iliyosimama kwenye mkia. Huyu anachuja mwani na kuokota mabaki, lakini mnyoo ukipita mbele yake hauachi. Wa pili ana tumbo linaloelekea wekundu na anapenda kutafuna majani, ndiye yule unayemkuta kwenye mizizi ya matete. Wa tatu, mwenye kichwa kinachoelekea kijani, ni mgumu kwa ndoano na sitamzungumzia sana. Wa Nile ni mwenyeji wa Kivu, wale wengine wawili waliletwa na watu. Wenyeji wengine wa jamaa hiyo ni wale wadogo wa kwenye mawe, aina kama 15, nyingi zao haziko popote pengine duniani. Hao watakuibia chambo mpaka ujifunze kuwakwepa.

Sambaza, yule samaki mdogo kama dagaa, mwache kwa wenye taa. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, anaishi maji ya wazi na anafuata vijidudu vinavyoelea. Anavuliwa usiku na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavuvi wakiimba ili makasia yaende sawa. Nadhani ndiye aliyewapotosha wengi: wakiona mitumbwi ile inaelekea katikati jioni, wanadhani samaki wote wako huko. Tilapia ana njia yake. Analala usiku, anakula mchana, na anakula karibu na nchi kavu.

Kutafuta mahali bila kubeba fimbo

Siku ya kwanza usibebe fimbo. Nasema hivi kwa moyo wote, kwa sababu mwenye fimbo mkononi haangalii, anatupa. Toka asubuhi jua likishapanda kidogo, kama saa tatu, ziwa likiwa bado halijapigwa na upepo. Vaa kofia yenye ukingo wa kukinga mwanga. Tembea polepole ukingoni, jua likiwa mgongoni, lakini angalia kivuli chako kisianguke majini.

Maji ya Kivu ni maangavu kuliko ya maziwa mengi ya kwetu. Siku ya utulivu unaona chini mpaka mita kadhaa. Unatafuta mambo matatu. La kwanza ni sahani: duara zilizofagiliwa kwenye mchanga, upana wa sinia au zaidi, safi katikati ya tope la kijivu. Hizo ni viota, dume ndiye aliyezichimba kwa mdomo na ndiye anayezunguka hapo. La pili ni mpaka: mahali matete au mafunjo yanapokwisha na maji yanaanza, au mchanga unapokutana na mawe. Samaki hutembea kwenye mpaka kama watu wanavyotembea kandokando ya barabara. La tatu ni mwani juu ya mawe. Ukiona jiwe lina alama za kukwanguliwa, mistari mifupi iliyo safi ndani ya kijani, kuna anayelilamba kila siku.

Kina unachotaka ni kuanzia mita 1 hadi 3. Zaidi ya hapo unapoteza uzi bure.

Ndani ya mji tatizo kubwa ni kufika majini. Ibanda, komine moja ya mji, sehemu kubwa ya ukingo imefungwa kwa kuta za parseli, yaani viwanja vya watu. Njia niliyozoea ni kupiga hodi kwenye lango na kuongea na sentineli, mlinzi wa lango, kwa adabu. Salamu kwanza, haja baadaye:

“Jambo papa. Habari ya lindo?”

“Muzuri. Unatafuta nani?”

“Sitafuti mtu, papa. Naomba nafasi ya kukaa pale kwenye ngazi ya ziwa, niko na fimbo moja tu. Nikipata mbili, moja ni yako.”

Mara nyingi hilo linatosha. Ukiahidi samaki, mpe, hata kama umepata wawili tu na wote ni wadogo. Mlango huo utafunguka mwaka mzima.

Pale mto Kawa unapoingia ziwani usivue. Samaki wapo, wanafuata kinachoshuka, lakini mto ule unapita katikati ya mji na kubeba kila kitu ambacho mji haukitaki. Sitamlisha mtoto wangu samaki wa pale. Karibu na mto Ruzizi unapotoka ziwani nako nawakataza wanaoanza: maji yanavuta, taka za plastiki zinakusanyika kuelekea bwawa na kung'ang'ania ndoano, na mpaka uko hapo hapo. Mwenye mtumbwi akipitiliza upande wa Rwanda bila kujua anaweza kupoteza mtumbwi, nyavu na siku kadhaa za uhuru wake.

Ukipata usafiri wa pikipiki, nenda Kabare: Birava, Ishungu, Luhihi. Huko vighuba ni vingi, matete bado yapo, na wavuvi wamezoea mgeni anayeuliza. Waulize walio pale kabla hujakaa. Kuna mahali wameacha makusudi ili samaki wazae, na hakuna kibao kinachokuambia.

Kuhusu karatasi: pita kwenye ofisi ya komine au ya teritwari inayoshughulikia uvuvi, uulize kinachohitajika kwa ndoano ya mkono. Ukilipa, dai risiti na utembee nayo. Mwaka mmoja nililipa bila kudai, nikaombwa tena kule kule ufukweni wiki iliyofuata, sikuwa na la kuonyesha. Tangu hapo risiti yangu inakaa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na ndoano.

Vifaa, na kwa nini uzi mnene unakunyima samaki

Fimbo ni mwanzi. Chagua uliokomaa, mwembamba, wenye urefu wa mita 3 na nusu hadi 4, ncha yake ipinde bila kuvunjika. Ukaushe kivulini wiki tatu ukiwa umelazwa au umefungwa wima kwenye ukuta, kwani ukiuanika juani unapasuka. Fimbo ya dukani yenye gurudumu ni nzuri, lakini kwa samaki aliye mita 4 kutoka miguuni pako haiongezi kitu, na mwanzi unashusha chambo kimya kuliko kutupa.

Uzi ndio mahali wengi wanapoharibikiwa. Sokoni utakuta nailoni nene, ya milimita 0.40 na zaidi, kwa sababu wateja wanataka kitu kisichokatika. Kwenye maji ya tope ya Ruzizi ya chini ingefaa. Kwenye Kivu samaki anaiona kama sisi tunavyoona kamba ya kuanikia nguo. Tafuta ya milimita 0.18 hadi 0.22. Ukikosa, nunua nene kwa sehemu kubwa na ufunge kipande chembamba cha urefu wa mkono mmoja mwishoni, karibu na ndoano. Nilikaa miaka miwili na uzi wa 0.40 kwenye kighuba kimoja cha Nguba nikiamini pale hapana samaki. Siku niliyobadilisha uzi nilipata watano kabla ya saa nne, mahali pale pale, kwa chambo kile kile.

Ndoano: kumbuka kwamba namba ikipanda, ndoano inapungua. Namba 10 ndiyo ya kuanzia. Mdomo wa tilapia ni mdogo kuliko unavyofikiri ukimwona sahanini, na ndoano namba 4 inayouzwa kwa ajili ya kambale haiingii. Nunua kumi kwa mara moja, maana mawe ya Kivu yatachukua nusu.

Kufunga ndoano fanya hivi. Pitisha ncha ya uzi kwenye tundu. Izungushe mara tano kwenye uzi mkuu. Irudishe ipite kwenye kitanzi kidogo kilichobaki jirani na tundu. Lowesha kwa mate, kisha vuta polepole mpaka mizunguko ikae pamoja kama sipringi ndogo. Ukivuta fundo likiwa kavu, uzi mwembamba unaungua kwa msuguano na utakatika pale pale samaki akija. Kata ncha iliyobaki, acha milimita 2.

Boya langu ni kipande cha babushi (kandambili) iliyochakaa, nimekichonga umbo la mbegu ya tende, unene wa kidole cha mwisho. Mfupa wa unyoya wa bata unafaa zaidi, ila hautavumilia mwaka. Risasi, yaani vizito vya kuzamishia uzi, weka ndogo moja au mbili, sentimita 15 juu ya ndoano, kiasi cha kulisimamisha boya ncha tu ikibaki nje. Boya lenye ncha ndefu juu ya maji ni zito kwa samaki kulivuta, naye akihisi uzito anatema.

Chambo

Kwanza ni nyungunyungu. Chimba chini ya migomba, pale maganda yanapotupwa, au kwenye mfereji wa jikoni. Wadogo wekundu ndio wanaotakiwa. Waweke kwenye kopo lenye udongo wao na majani, lisikae juani. Kata kipande cha sentimita 2, kivishe ndoano, acha mkia mdogo ucheze.

Pili ni bugali, yaani ugali. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu bugali ya mezani ukiichukua kama ilivyo inayeyuka majini kabla ya dakika moja. Mzee mmoja wa Nguba alinionyesha namna yake, naye hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichukua bugali ya mahindi iliyolala, ngumi moja. Akaikanda kwenye jiwe na kiganja kilicholoweshwa, akanyunyiza unga mkavu wa muhogo kidogo kidogo, akakanda tena. Alipofikia pale inapoacha kushika vidole, akaivuta kama utomvu: ikikatika mapema, unga umezidi, ikirefuka bila kukatika, maji yamezidi. Yake ilirefuka kidole kimoja, ikakatika. Akamalizia na sambaza wawili wakavu waliosagwa, kwa ajili ya harufu. Akaifunga kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni ili isikauke. Punje ya ukubwa wa haragi (harage) ndogo juu ya ndoano, ncha ikiwa imefichwa kidogo tu. Chambo hicho kinakaa majini dakika kumi, na wale wadogo wa mawe hawakimegi kwa urahisi.

Tatu ni mwani wenyewe. Kwangua ule wa nyuzi ndefu kwenye mawe, usokote kwenye ndoano mara tatu. Ni chambo cha siku ngumu, samaki wanapoonekana wanazunguka na kukataa vyote viwili vya kwanza.

Cha kumwaga majini kuwaita, natumia machicha ya kasiksi, pombe ya ndizi. Mahali popote wanapokamua ndizi utayapata bure. Changanya na pumba za mahindi na udongo wa ukingoni mpaka yafinyangike, tengeneza vidonge vya ukubwa wa limau. Vitatu vinatosha kuanza. Ukimwaga ndoo nzima unawashibisha, na samaki aliyeshiba hana haja na ndoano yako.

Saa na msimu

Jua letu linachomoza karibu saa kumi na mbili na kuzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Mimi nakaa kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu na nusu asubuhi, na tena kuanzia saa tisa na nusu alasiri mpaka saa kumi na moja na nusu. Katikati ya mchana jua likiwa juu na maji yametulia, wanakuona kabla hujawaona.

Maji ya juu yanabaki karibu nyuzi 23 au 24 miezi yote, kwa hiyo baridi haituondolei samaki. Kinachobadilika ni upepo na mvua. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo mkavu wa kusini unalikoroga ziwa, chakula kilicholala chini kidogo kinapanda, na maji yanapata rangi ya kijani. Tilapia anashiba mwani, anakuwa mvivu wa kushika mnyoo. Hapo bugali na mwani ndivyo vinavyofanya kazi. Kuanzia Septemba mvua zikirudi, milima ya Kabare inaleta maji mekundu. Usikimbie rangi hiyo. Tafuta mstari ambapo maji mekundu yanakutana na maangavu na ushushe ndoano upande ulio safi, hatua moja tu kutoka kwenye mstari. Samaki wanasimama hapo wakingoja wadudu na mbegu vinavyoletwa.

Lakini mvua yenyewe ikianza, toka. Eneo la Kabare linahesabiwa kati ya sehemu zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani, na wewe umesimama majini umeshika mwanzi uliolowa wa mita 4 ulioelekezwa juu. Ukisikia ngurumo ya kwanza, hata kama ni mbali upande wa mlima Kahuzi, laza fimbo chini na upande mbali na maji na miti mirefu. Ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Sina mzaha juu ya hili.

Siku ya kuvua, hatua kwa hatua

Fika kimya. Weka vitu vyako hatua tano kutoka majini, sogea na fimbo tu. Kama ni ngazi ya mawe au gati la mbao, vua viatu. Hatua nzito juu ya mbao inasikika chini ya maji kuliko kelele za kinywa.

Pima kina kabla ya kuvua. Funga kijiwe kidogo kwenye ndoano, kishushe pale unapotaka. Boya likizama lote, umepima kina kidogo, lisogeze juu kwenye uzi. Likilala ubavu, umezidisha, lishushe. Likisimama ncha tu ikionekana, umefika chini. Ondoa kijiwe, kisha shusha boya upana wa vidole vinne, ili chambo kining'inie juu kidogo ya tope. Kwa tilapia wa matete punguza zaidi, kikae nusu ya kina.

Tupa vidonge vitatu vya machicha, kimoja kimoja, mahali pamoja. Ngoja robo saa bila kushusha ndoano. Wengi hawana subira hii. Wadogo ndio wanaotangulia, utaona maji yanachemka kwa vichwa vyao. Waache washibe. Wakubwa wanakuja nyuma, na ishara yake ni kwamba wadogo wanatawanyika ghafla.

Shusha chambo kwa kuinamisha fimbo mpaka ndoano iguse maji bila mlio. Kaa chini au chuchumaa. Angalia boya na boya peke yake.

Tilapia haburuti boya chini kama kambale. Anachukua chambo chini, anainuka nacho kidogo, na risasi inakosa uzito. Kwa hiyo kinachotokea ni kinyume cha matarajio: boya linatetemeka mara mbili, linapanda, ncha inatoka nje zaidi, kisha linalala ubavu juu ya maji kama limechoka. Hapo ndipo pa kuvuta. Wanaoanza wanasubiri lizame, na linapozama samaki ameshatema. Uvutaji wenyewe ni wa kiwiko cha mkono tu, upana wa shubiri moja. Ukipiga kwa nguvu ya bega unapasua mdomo wake au unakata uzi.

Akishikwa atakimbilia matete au chini ya mawe. Weka ncha ya fimbo juu na umwelekeze pembeni kuelekea maji wazi. Usimvute moja kwa moja kwako. Mwanzi ukipinda unafanya kazi yote. Akichoka atalala ubavu. Usimnyanyue kwa uzi mwembamba ule. Tia kikapu au nyavu ndogo ya mkono majini kabla, mlete juu yake, kisha inua.

Mshike kwa kupitisha kiganja kuanzia kichwani kuelekea mkiani, ili miiba ya mgongoni ilale chini ya mkono. Ukianzia mkiani itakuchoma, na jeraha la mwiba wa tilapia linavimba siku mbili. Ndoano izungushe itoke njia iliyoingilia.

Usipoguswa nusu saa, badili kina kabla ya kubadili chambo, na badili chambo kabla ya kuhama. Wale wa mawe wakizidi, ongeza ukubwa wa punje ya bugali na usogee mita 3 kutoka kwenye mawe kuelekea mchanga.

Ukitumia mtumbwi

Mtumbwi unakufikisha upande wa nje wa matete na kwenye vighuba visivyo na njia ya miguu, lakini namna ya kuvua ni ile ile: unavua ukielekea nchi kavu. Tia nanga ya jiwe mbele na nyuma ili usizunguke, simama mita 5 kutoka kwenye matete, shusha chambo ukingoni mwake. Jiwe lishushe kwa mkono, usilitupe.

Jile ya kuokolea, yaani jaketi la kuelea majini, vaa, usiikalie. Kama huna, funga bidoni (madumu) mbili tupu zilizozibwa vizuri kwenye kamba ya kifuani. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, Goma, watu wakiwa wanaiona kutoka nchi kavu, na wengi walikufa. Hivyo usinione mwoga ninapokataza mtumbwi bila jile hata kwa safari ya dakika kumi. Rudi kabla ya saa nane ikiwa upepo wa mchana umeanza kupasua mawimbi meupe, na uliza kila mara kama kuna amri ya kutokuwa ziwani saa fulani. Amri hizo zinabadilika haraka, na askari anayekukuta majini gizani hawezi kuona kwamba umebeba ndoano tu.

Wanaovua karibu na Goma na Sake wana jambo moja zaidi la kuogopa: mazuku. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni na kwenye mashimo ya mawe ya lava, haina rangi, na inaua. Usiingie kwenye shimo au bonde dogo la ukingoni asubuhi mapema kabla ya upepo, wala usilale hapo. Ukiona ndege au panya waliokufa pasipo jeraha, ondoka upesi upande mahali pa juu.

Anayerudishwa majini

Jike wa tilapia wa Nile anabeba mayai kinywani, na vifaranga wakishaanguliwa wanaendelea kurudi humo wakiona hatari. Akiwa hivyo hali karibu chochote, ndiyo maana kwa ndoano humpati mara nyingi. Mwenye chandarua cha mbu humpata kila siku. Nilisimama Ishungu asubuhi moja vijana wakiburuta chandarua kwenye maji ya magotini. Jike mmoja alitupwa kwenye mchanga, koo limevimba, akafungua kinywa, wakamwagika vifaranga wenye macho makubwa kuliko miili yao, wakitapatapa kwenye maji ya nyayo. Nilijaribu kuwakusanya kwa viganja. Wachache walifika ziwani. Kwenye vile vighuba vichache vyenye chini tambarare, mburuto mmoja wa namna ile unafagia kizazi kizima.

Kwa hiyo ukimpata mwenye koo lililovimba, mtoe ndoano mkono ukiwa majini na umwachie papo hapo. Aliye mfupi kuliko kiganja chako na vidole vilivyonyooshwa, naye arudi. Dume aliye juu ya kiota mwache. Atashika chochote unachomletea kwa sababu analinda, na ndiyo sababu hiyo hiyo simvui.

Kutoka majini mpaka sufuriani

Wa kubeba nyumbani mpige mara moja kwa kijiti juu ya kichwa, nyuma ya macho. Akiachwa atapetape kwenye saseti ya plastiki, nyama inalegea na kunuka ndani ya saa mbili. Mtoe matamvua na utumbo hapo hapo, uangalie nyongo isipasuke, msuuze, mfunge kwenye majani mabichi ya mgomba au nyasi zilizoloweshwa ndani ya kikapu, kivulini. Utumbo usiurudishe pale unapovua. Uzike, au mpe anayevua kambale usiku, atakushukuru.

Nyumbani, tilapia wa Kivu aliyetoka majini asubuhi hahitaji mafuta mengi. Mkate mistari mitatu kila upande, chumvi, ndimu, tangawizi iliyopondwa, kitunguu, nyanya, pilipili nzima isiyopasuliwa. Mfunge liboke kwa majani mawili ya mgomba yaliyolainishwa motoni, kamba ya mgomba huo huo, umweke juu ya makala (makaa) yaliyopungua moto. Dakika 20 upande mmoja, 15 upande wa pili. Jani la nje likishakuwa jeusi na mvuke ukitoka na harufu ya ndimu, fungua. Bugali iwe imeshasongwa, ukiwa umetenga ngumi moja ya kulaza kwa ajili ya ndoano ya kesho.